Mnyama Kakonda, Mgonjwa ni Maji

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nina swali mkononi ambalo halihusu siasa, wala bei ya unga, wala mpira. Limeletwa na mama mmoja mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ambaye siku hizi anaishi Leicester, Uingereza, na ambaye husikiliza mazungumzo haya kwa simu huku akipika. Ameandika hivi: "Kaka, salaam aleikum. Mwanangu wa miaka kumi anafuga mnyama wa majini aitwaye aksoloti. Wiki ya tatu hii hali kitu. Amekonda mpaka kichwa kimekuwa kikubwa kuliko tumbo. Mtoto aamka usiku kumtazama kwa tochi. Babake asema tumtoe tu, huyo si wa kupona. Mimi sijui hata nimpeleke kwa nani. Nisaidie kwa lolote unalolijua."

Nikaanza kuulizia kwa watu wanaofuga wanyama hao, na kusoma waliyoyaandika madaktari wa mifugo, na njiani nikaona kwamba habari ya mnyama huyu ni ndefu kuliko tangi analokaa.

Kwanza tumjue mwenyewe. Aksoloti ni salamanda, yaani ni wa ukoo mmoja na vyura, wale wanaoanza maisha majini. Sote tuliosoma shule ya msingi tulifundishwa kwamba kiluwiluwi wa chura huota miguu, hupoteza mkia na matamvua, kisha hutoka majini akaenda zake nchi kavu. Aksoloti ameikataa safari hiyo. Huota miguu minne, hukua hadi sentimita 20 au 25 na wengine zaidi, huzaa, huzeeka, lakini hubaki majini na matamvua yake nje ya kichwa, matatu kila upande, yakipepea kama manyoya. Ni mtu mzima aliyebaki na umbo la utotoni. Mdomo wake umekaa kama wa anayetabasamu, na tabasamu hilo limewaponza wengi wao, kwa sababu mnyama anayecheka hata akiwa mahututi si rahisi mwenye nyumba amshtukie.

Sifa yake kubwa ni kwamba ukimkata mguu huota mwingine mzima, wenye mifupa na vidole. Hata sehemu za moyo, za uti wa mgongo na za ubongo huzirudisha. Ndiyo maana maabara za dunia zimemshikilia. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha mpangilio mzima wa jeni zake, wakakuta ni mrefu takriban mara kumi kuliko wa binadamu. Na wengi wa hawa wanaofugwa maabara na majumbani ni uzao wa kundi dogo lililovuka bahari zamani. Mwaka 1864 wanyama 34 walisafirishwa kutoka Mexico hadi Paris, na sita kati yao akapewa Auguste Duméril, mtaalamu wa makumbusho ya viumbe ya mji huo. Alipowazalisha, akashangaa kuona baadhi ya watoto wao wanapoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Hapo uzao ukatawanyika Ulaya nzima.

Kwa zaidi ya miaka mia alikuwa mnyama wa wataalamu. Kisha mwaka 2021 mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ukamwingiza aksoloti miongoni mwa viumbe wake, na watoto wa nchi nyingi wakaanza kuwakera wazazi. Mwaka huo huo Benki Kuu ya Mexico ikatoa noti ya peso 50 yenye picha yake. Mnyama akawa maarufu ghafla, na umaarufu wa ghafla, kwa mnyama kama kwa mwanamuziki, una gharama zake. Wauzaji wengine humtoa na tangi dogo, changarawe za rangi na taa kali, vitu vitatu ambavyo yeye hana haja navyo hata kimoja.

Najua wapo wanaoguna hivi sasa huko wanakosikiliza: "Watoto wa watu wanakosa dawa ya malaria, huyu atuletea habari za chura wa Uzunguni." Guno hilo nalisikia, tena lina haki yake. Mimi sitaki mtu atoe mkate kinywani mwa mtoto ampe aksoloti. Lakini mbuzi akikosa majani kwako hukata kamba akala mihogo ya jirani, na paka asipolishwa huenda sokoni kwa wauza samaki akajitafutia. Mnyama aliyetiwa ndani ya kioo hana jirani na hana soko. Maji aliyomo ni yale uliyompa wewe, joto ni la nyumba yako, chakula ni cha mkono wako, na akilalamika humsikii. Ukishakubali kumweka kiumbe katika hali hiyo, huwezi siku ya shida kusema ni mnyama tu. Halafu yupo huyo mtoto wa miaka kumi na tochi yake. Anamtazama mnyama, ndiyo, lakini anawatazama pia baba na mama, aone watamfanya nini kiumbe dhaifu asiye na faida yoyote nyumbani.

Basi tuingie kwenye tangi. Nilimrudishia yule mama maswali matatu: maji yana joto gani, tangi husafishwaje, na chini kumetandikwa nini.

Swali la usafi ndilo alilolijibu kwa fahari. "Kaka, sisi si wachafu. Kila Jumamosi namtoa, namwaga maji yote, nalisugua tangi kwa brashi na sabuni, na lile chujio naliosha kwa maji moto mpaka sifongo yake inarudi kama mpya." Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Mama wa watu hakumwonea mnyama. Amemtunza kama anavyotunza sufuria zake, na nina hakika sufuria zake zinang'ara. Lakini tangi halitaki kutunzwa kama sufuria.

Mnyama wa majini hula, hukojoa na kunya mle mle anamopumua. Uchafu huo, pamoja na mabaki ya chakula, hugeuka kuwa amonia, na amonia ni sumu inayounguza ngozi na matamvua. Ziwani au mtoni kuna maji mengi ya kuizimua, na kuna bakteria wanaoila. Katika tangi bakteria hao hukaa zaidi ndani ya chujio, katika vitundu vya ile sifongo. Kundi moja hula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huichukua nitriti na kuigeuza nitreti, yenye madhara madogo zaidi, ambayo mwenye tangi huipunguza kwa kubadili sehemu ya maji kila wiki. Kijiji hicho cha bakteria huchukua kama wiki nne hadi nane kujengeka. Sabuni, maji moto na klorini ya bomba hukibomoa kwa dakika tano. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni kijiji kilikuwa kimebomolewa, na kufikia katikati ya wiki mnyama alikuwa akiogelea katika mkojo wake mwenyewe, ndani ya maji maangavu ambayo mgeni angeyanywa kwa macho. Sumu yenyewe haina rangi.

Sifongo ya chujio huoshwa, lakini huoshwa taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lile lile, ikakamuliwa mara mbili tatu na kurudishwa ikiwa bado na rangi yake ya udongo. Ubaya wake wa sura ndio uhai wake. Nilimwambia pia anunue vile vichupa vya kupimia maji, maana jicho halipimi amonia. Amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri, nitreti isipande sana juu ya miligramu 20 kwa lita. Akanunua. Siku ya kwanza maji ya kipimo cha amonia, ambayo yalipaswa kubaki manjano, yalitoka kijani.

Jibu la joto lilikuwa digrii 23 za sentigredi. Tangi lilikaa sebuleni karibu na bomba la kupasha nyumba moto, kwa sababu baba mtu alidhani mnyama wa Mexico atapenda joto. Watu wakisikia Mexico hufikiria jangwa na kofia pana. Lakini mji wa Mexico uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na nyumbani kwa aksoloti maji ni ya ubaridi. Hustarehe katika digrii 16 hadi 18. Ikipita 20 huanza kutaabika, na kwenye 24 yuko hatarini. Joto humkondesha kwa njia iliyo wazi: mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakipanda, mwili huchoma chakula kwa haraka zaidi, huku yeye mwenyewe akipoteza hamu ya kula. Matumizi yamepanda, mapato yameshuka. Juu ya hayo maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo, kuvu na vijidudu hustawi, na amonia ile ile huwa kali zaidi. Ukimwona ameyakunja matamvua mbele kama anayejifunika, au ncha ya mkia imejipinda kama ndoana, mara nyingi anakuambia kwamba maji hayamfai.

Wafugaji wenye fedha hununua mashine ya kupoza maji, na bei yake si mchezo. Wengine huelekeza feni ndogo juu ya maji, nayo hushusha digrii mbili au tatu. Hiyo ndiyo siri ya mtungi wa bibi: maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Wengine huelekeza chupa ya barafu iliyofungwa juu ya maji, wakibadilisha asubuhi na jioni. Mtu asidhani shida hii ni ya pwani yetu tu. Mwezi Julai 2022 joto la Uingereza lilipita digrii 40, katika nyumba zilizojengwa kuhifadhi joto, na waliokuwa na wanyama wa maji baridi walihangaika usiku kucha.

Chini ya tangi, kama nilivyohofia, kulikuwa na changarawe za buluu. Aksoloti hatafuni. Hufumbua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo, kama mtu anayefyonza supu. Akikosea shabaha huvuta na jiwe, na jiwe lenye ukubwa wa kupita kooni linaweza lisipite utumboni. Mtu mzima awekewe mchanga laini sana, au sakafu tupu, ambayo haina uzuri lakini haiui.

Sasa la kufanya. Kwa mgonjwa aliyekonda hivi, wanaojua humtoa kwenye tangi na kumweka katika beseni la plastiki lisilowahi kuonja sabuni, lenye maji ya kumfunika na kumpa nafasi ya kugeuka, pamoja na kitu cha kujifichia, hata kipande cha bomba pana. Maji ya beseni hubadilishwa yote kila siku. Msikilizaji makini atanikamata hapa: si umetoka kusema tusimwage maji yote? Nimesema, na sababu ni hii. Beseni halina chujio wala bakteria, kwa hiyo kazi ya bakteria inafanywa na mkono wa binadamu kila siku bila kukosa. Wakati huo huo tangi linaachwa lijengeke upya kwa wiki zake, bila mnyama ndani, na vipimo vikisomwa.

Maji mapya yawe na joto sawa na yale ya zamani, na kama yanahitaji kupozwa yapozwe polepole, digrii moja au mbili kwa siku. Klorini iondolewe. Sisi wa mijini tunaijua ile harufu ya dawa ya maji, na tunajua kwamba ndoo ikiachwa wazi siku nzima harufu hupungua. Lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kusubiri, kwa hiyo ni salama zaidi kutumia matone yanayouzwa kwa kazi hiyo. Ngozi ya aksoloti haina magamba, na kilichomo majini humwingia. Ndiyo maana pia dawa nyingi za samaki si za kumtilia.

Chakula nimekiweka nyuma makusudi, ingawa ndicho alichokiulizia mama kwanza, na ndicho ambacho kila mmoja wetu angekikimbilia. Mnyama kakonda, mpe chakula. Lakini kumlisha aliye ndani ya amonia ni kuongeza amonia, maana asichokila huoza. Na hata maji yakishakuwa mema, haraka haifai. Mgonjwa aliyetoka hospitali hatumkaribishi kwa pilau, tunampa uji. Uji wa aksoloti ni nyungunyungu, yule mnyoo wa udongoni ambaye wavuvi wa ndoana hufanya chambo. Ana protini ya kutosha, ni laini, na hana mifupa. Wanyoo wadogo wekundu wa kwenye mboji wana majimaji machungu, na aksoloti wengi huwatema, kwa hiyo akitema usidhani hataki kula kabisa. Wasichimbwe kwenye bustani iliyopigwa dawa ya wadudu au kutiwa mbolea ya dukani.

Mnyoo hukatwa vipande vifupi, vyembamba kuliko mdomo wake. Taa izimwe, iwe jioni, kwa sababu hana kope na mwanga humkera. Macho yake si makali. Hutegemea harufu na mtikisiko. Kipande kishikwe kwa kibano cha plastiki, kichezeshwe taratibu karibu na pua, na mtu asubiri. Hapa mtoto wa miaka kumi ana subira kuliko daktari. Akimeza kimoja, inatosha kwa siku hiyo. Kesho kimoja au viwili. Mkubwa mwenye afya hulishwa kila baada ya siku mbili au tatu, lakini huyu wa kurudisha mwili apewe kidogo kidogo kila siku. Akitapika, ama kipande kilikuwa kikubwa, ama maji bado yana joto. Mabaki yatolewe usiku huo huo. Nyama ya ng'ombe na ya kuku isiwe chakula chake cha kila siku, hata kama ndiyo iliyopo kwenye friji.

Kisha awekwe kwenye mizani ya jikoni mara moja kwa wiki: bakuli lenye maji lipimwe kwanza, mizani irudishwe sifuri, mnyama aingizwe, namba iandikwe kwenye daftari. Mara moja kwa wiki, si kila saa, kwa sababu kumshika kila mara nako ni maradhi. Kipimo cha macho ni rahisi: ukimtazama kutoka juu, tumbo la aliyeshiba hukaribia upana wa kichwa.

Nimesikia pia habari za tiba za nyumbani. Ipo ya kumwogesha katika maji ya chumvi kwa dakika chache, akiota kuvu mweupe kama pamba. Ipo ya chai ya rangi iliyopoa, maana ule ukali wa majani ya chai husaidia ngozi kidogo. Na nauliza kwa heshima, isiwe chai ya tangawizi, wala isiwe na sukari. Ipo nyingine ya kumweka kwenye friji, katika digrii tano hadi nane, ili kuvu isimame. Yule mama aliniambia aliijaribu usiku mmoja, na baba mtu alipokwenda kutafuta maziwa alfajiri akakutana na uso unaotabasamu ndani ya kopo la aiskrimu. Kwa aliyekonda mimi siioni kuwa njia njema bila daktari kusema, kwa sababu baridi hiyo karibu inasimamisha tumbo lake, na huyu shida yake ni tumbo. Chumvi nayo ikizidi huunguza, na kipimo chake aulizwe anayejua.

Daktari yupo wakati gani? Aksoloti mkubwa na mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kula asidhurike. Aliyekwisha kukonda hana akiba hiyo. Akiwa kwenye maji mema na ya ubaridi kwa wiki nzima na bado anakataa, au anaelea akishindwa kuzama, au tumbo limekuwa gumu huku mgongo umechongoka, apelekwe. Daktari ataweza kupiga picha ya eksirei kutafuta jiwe, na kupima choo kutafuta minyoo ya tumboni. Si kila daktari wa mifugo anayewajua wanyama hawa, kwa hiyo mtu apige simu kabla ya kubeba beseni kwenye basi. Na ikiwa imefika mwisho, kama baba anavyosema, daktari huyo huyo ndiye mwenye njia ya kumpumzisha bila maumivu. Kumwachia mtoni si huruma; Uingereza ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981, na katika jimbo la California, Marekani, hata kumfuga hairuhusiwi, kwa kuhofia asije akachanganyika na salamanda wa huko.

Mara ya mwisho mama aliponiandikia, ilikuwa siku ya kumi na moja ya beseni. Mnyama alikuwa amekula siku nne mfululizo, kipande kimoja kimoja, na mizani ilionyesha gramu tatu zaidi. Baba mtu ndiye sasa anayechota maji ya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kama atapona kabisa, hilo bado hatulijui.

Lakini nilipokuwa nauliza habari za tangi la Leicester, waliokuwa wakinijibu walinipeleka kwenye tangi kubwa zaidi, nalo lina maradhi yale yale. Aksoloti wa porini ana makao mamoja tu duniani, nayo ni maziwa ya bonde la Mexico. Ziwa la Chalco lilikaushwa. La Xochimilco limebaki mtandao wa mifereji kusini mwa jiji, kati ya mashamba ya chinampa, vile viunga ambavyo wakulima wa huko wamevijenga kwa tope na matete tangu kabla ya Waspania. Watu wa kale wa bonde hilo walimla aksoloti na kumpa jina la mungu wao Xolotl, ambaye katika ngano zao alijigeuza mnyama huyu majini akikimbia kuuawa, na bado akakamatwa. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksoloti kama 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 makadirio yalikuwa 36. Tangu mwaka 2006 amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hakuna aliyewaua kwa bunduki. Maji taka ya jiji yameingia mifereji, mengine yakiwa yamesafishwa na mengine la. Na katika miaka ya 1970 na 1980 mifereji ikatiwa samaki kwa nia njema ya kuwapa watu kitoweo: kapi kutoka Asia na tilapia, ambaye asili yake ni maji ya Afrika, ndugu wa perege na sato wetu. Samaki hao hula mayai na vifaranga vya aksoloti. Sisi tunaozunguka Ziwa Viktoria hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sangara naye alitiwa ziwani kwa nia njema, na wavuvi wazee wanakumbuka furu wa kila aina waliokuwapo kabla yake.

Wanachofanya sasa watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, wakishirikiana na wakulima wa chinampa, ni kitu ambacho mama wa Leicester angekitambua. Wanachukua mfereji mdogo unaopita shambani, wanaziba midomo yake kwa vizuizi vya mawe ya volkano na mimea, ili maji yapite yakichujwa na tilapia wabaki nje. Ni chujio. Mkulima naye anakubali kuacha dawa za wadudu katika shamba hilo. Kazi ni ya polepole na mashamba ni machache, na vijana wengi wa Xochimilco wanaona faida zaidi katika kukodisha viwanja vya mpira kuliko kulima mboga.

Mbali na hapo, huko Pátzcuaro, masista wa Kidominiko wanawazalisha katika matangi ya nyumba yao ya kitawa jamaa wa karibu wa aksoloti, anayeitwa kwa jina la yule Duméril wa Paris. Kwa miaka mingi walimtumia kutengeneza dawa ya kikohozi. Ziwa lilipokuwa halitoi tena wanyama wa kutosha, wakaanza kuwafuga, na leo idadi iliyomo katika matangi yao ni sehemu kubwa ya tegemeo la aina hiyo kuendelea kuwapo.

Swali lililobaki ni kama mnyama aliyezaliwa ndani ya kioo anaweza kujilisha akirudishwa nje. Watafiti wa Mexico walilijaribu kwa aksoloti 18 waliozalishwa katika matangi, kila mmoja akiwa na kifaa kidogo cha kufuatiliwa. Wengine waliachiwa katika mfereji wa chinampa huko Xochimilco uliokarabatiwa, na wengine katika bwawa lililotengenezwa kusini mwa jiji hilo hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Wote 18 walikuwa hai katika kipindi chote cha kufuatiliwa. Wachache waliokamatwa tena walipowekwa kwenye mizani, walikuwa wameongezeka uzito.